Hatuuzi Kabla ya Kukaa na Wifi

Mkinikuta Fordsburg, hapa Johannesburg, siku ya Jumamosi nikinusa bizari kabla ya kuinunua, huwa mnaniamkia vizuri, mnanibebea mfuko mpaka garini, kisha mnaniuliza swali lile lile: "Mama Esta, hivi wewe ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nami nikijibu kwamba nilikuwa nasaidia watu kuuza haki za mafuta na gesi walizorithi, mnanitazama kama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa. Mmoja wenu aliniuliza kama nilikuwa na kituo cha petroli. Basi leo goti limenikatalia kutoka nje, chai ipo mezani, na nina muda wa kuwaeleza.

Kwanza niseme wazi kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuona hata tone moja la hayo mafuta. Nilikaa ghorofani hapo hapo Fordsburg, juu ya duka la mapazia, katika ofisi ya Bwana Yusuf, wakili wa mirathi. Zamani alishughulikia mashamba ya huku Afrika Kusini, enzi ambazo mtu aliweza kumiliki madini yaliyo chini ya shamba la mwenzake. Sheria ikabadilika, madini yakawekwa mikononi mwa serikali, na wateja wa aina ile wakatuishia. Lakini Johannesburg imejaa watu wenye ndugu kila pembe ya dunia. Walikuwapo wajane na wajukuu wanaoishi hapa, ambao mume au babu aliwaachia kipande cha ardhi Marekani, na kule katika majimbo mengi mwenye shamba anaweza kumiliki pia kilicho chini yake. Bwana Yusuf akawageukia hao.

Mimi nilitoka Nakuru nikimfuata mume wangu aliyekuwa amepata kazi benki. Niliajiriwa kupiga chapa, nikaishia kuketi na wateja, kwa sababu Bwana Yusuf aligundua kwamba Wakongo, Watanzania na Wakenya wenzangu wakiingia na kusikia Kiswahili wanalegeza mabega.

Na kulegeza mabega ilikuwa nusu ya kazi. Watu wetu walikuwa wagumu kuamini. Kwetu sote, iwe Kenya, Tanzania au Kongo, ukichimba choo ukakuta dhahabu, dhahabu ni ya serikali, wewe umebaki na choo. Sasa mtu anakupigia simu kutoka mbali anasema anataka kununua mafuta yaliyo chini ya shamba la marehemu babu yako. Katika mji huu, ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anajua utapeli ni nini, nani asingekata simu? Bwana mmoja wa Mayfair, muuza vipuri, alimtukana mnunuzi wa kweli kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu mpaka yule mnunuzi akanitumia ujumbe kuniuliza kama mteja wangu ni mgonjwa. Mwingine aliamini upesi mno. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa kisima cha mafuta, na kabla ya ibada kwisha alikuwa na binamu ambao mama yake mzazi hakuwajua. Alikuja ofisini akiwa amejificha ndani ya kofia.

Bwana Yusuf hakuwacheka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, aliyevaa koti hata Desemba, kwenye joto la huku. Mteja akiketi, alimpa chai na biskuti, halafu akamwuliza swali moja ambalo kwa muda mrefu nililiona la ajabu. Hakuuliza, "Unataka bei gani?" Aliuliza, "Ukishauza, unataka kubaki na nini?" Wengi walicheka wakasema, "Na hela, Bwana Yusuf!" Naye aliandika jibu hilo kwa uzito ule ule aliompa kila mtu.

Shamba, wanangu, ni vitu viwili. Kuna juu na kuna chini. Unaweza kurithi vyote, unaweza kurithi kimoja. Fikirieni nyumba ambayo juu anakaa mmoja na chini mwingine, na yule wa chini kila akitaka kutoka lazima apite sebuleni kwa wa juu. Ndivyo ilivyo. Anayemiliki mafuta ya chini ana haki ya kupita juu kuyafikia: atakata barabara, atasimamisha mtambo, ataleta malori. Kwa hiyo mwenye shamba anayeuza cha chini bila kuweka masharti amefungua mlango wa sebule na kutupa ufunguo. Hili ndilo nililokuwa nikilirudia kila wiki, na ndilo lililokuwa likisahaulika mara tu bei ikitajwa.

Siku zile za mwanzo tulifanya kazi kwa faksi. Kumbukumbu za ardhi zilikuwa kwenye vitabu vizito katika ofisi za wilaya za huko, na tulimlipa mtu akavifungue, atutumie nakala. Faksi yetu ilikuwa na roho mbaya. Ilisubiri mpaka ifike kwenye jina la mwenye shamba, ndipo umeme ukatike. Siku hizi mnabonyeza simu mkiwa kwenye foleni ya robot, hizi taa za barabarani, ramani inakuja, visima vyote vya jirani vinaonekana na nani kanunua nini. Nawaonea wivu, sitaficha. Lakini simu haitakwambia kwa nini mtu fulani ana haraka, na haraka ya mnunuzi ndiyo kitu cha kwanza nilichofundishwa kukisoma. Akikupigia bila kumtafuta, akasema ofa yake inaisha Ijumaa, ujue kuna jambo analolijua kuhusu shamba la jirani yako ambalo wewe hulijui. Mtafute wa pili na wa tatu kabla hujamjibu wa kwanza.

Haya yote nilikuwa nimeshayakariri vizuri, na faksi imeshazikwa zamani, alipoingia Mama Furaha.

Alikuwa na duka la ushonaji Malvern, kwenye Jules Street, na wake wa wachungaji wa Kikongo walipanga foleni kwake kabla ya kila harusi. Mwanamke mrefu, kitenge chenye mabega yaliyosimama, sauti ya kujaza chumba. Alipanda ngazi zetu akihema, akanitazama kutoka juu hadi chini, na kabla hata sijamkaribisha akasema:

"Mama, ni nani alikushonea hii robe? Alikuwa anakuchukia?"

Nilimpenda papo hapo. Nilikuwa nimelipia lile gauni pesa nyingi, na upindo ulikuwa kombo kweli.

Habari yake ilikuwa hivi. Mume wake, marehemu Petro, alikuwa Mmarekani mweupe aliyezaliwa Kivu. Wazazi wake walikuwa wamisionari huko, akakulia Bukavu yeye na dada yake Marta, wakicheza na kugombana kwa Kiswahili. Baadaye wazazi walirudi kwao Texas, kwenye shamba la ukoo. Petro hakuzoea. Alirudi Afrika, akafundisha shule hapa Johannesburg, akaja kupeleka suruali ikatwe miguu, na fundi mwenyewe akawa mke wake. Baba yao alipofariki aliwaachia watoto wawili lile shamba kwa pamoja, juu na chini, nusu kwa nusu. Marta akabaki akiishi kwenye nyumba ya shamba. Kisha Petro naye akafariki, na nusu yake ikawa ya Mama Furaha.

Sasa kampuni moja ya mafuta ilikuwa inanunua eneo lile. Wakala wao alikaa Sandton, kijana mtanashati aitwaye Craig, na alikuwa ameshafika dukani kwake mara kadhaa. Alitaka nusu yake ya haki za chini, zote, bila masharti yoyote.

Bwana Yusuf akamimina chai. "Mama," akauliza, nami nikatafsiri, "ukishauza, unataka kubaki na nini?"

Mama Furaha hakucheka. Alikizungusha kikombe mezani.

"Nataka nibaki mutu wa ile nyumba," akasema. "Bwana yangu alinioa, akanipeleka kule mara moja, nikalala mu chumba chake cha utoto. Marta akanipikia. Lakini tangu Petro alikufa, wifi yangu hajanipigia simu. Hakukuja ku matanga. Sijui kama mi ningali mutu wao."

Niliona Bwana Yusuf akiandika jibu hilo polepole kuliko kawaida.

Tulimweleza hatari yenyewe. Kwa sheria ya kule, kila mrithi ana uhuru na fungu lake. Sahihi ya Mama Furaha peke yake ingetosha kuingiza mitambo shambani, hata Marta akatae. Na Marta alikuwa mwanamke mzee anayeishi peke yake katikati ya lile shamba. Mama Furaha akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Basi hatuuzi kabla ya kukaa na wifi," akasema. "Kitu ya ukoo haiuzishwi na mutu mumoja amesimama mulangoni."

Craig alikuja ofisini wiki ile ile. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Alinivisha kilemba cha ukoka tangu mlangoni, akalisifu gauni langu, na hapo ndipo nilipojua kwamba ni mwongo. Mama Furaha alikuwapo, ameketi dirishani, mikono kifuani.

"Mama," Craig akamwambia, "naheshimu sana mila zenu. Lakini Marta alishauza. Umebaki wewe tu. Na ofa inaisha Ijumaa saa kumi na moja."

Nilimtafsiria. Uso wa Mama Furaha ulibadilika, nami nikajua kilichomchoma. Kama Marta alikuwa ameuza bila kumwambia neno, basi jibu la lile swali lake lilikuwa limeshapatikana: hakuwa mtu wa ile nyumba. Mwanamke mwingine angesaini pale pale kwa hasira. Nimewaona wengi wakisaini kwa hasira, na hasira humfaa mnunuzi kuliko wakili yeyote.

Mama Furaha akavuta pumzi. "Kama aliuzisha, ni vizuri," akasema. "Ataniambia yeye mwenyewe. Mi siko na haraka."

"Lakini Ijumaa, Mama..."

"Ijumaa niko na harusi mbili za kushonea. Jumamosi njo tutaikala na wifi."

Jumamosi! Siku moja baada ya ofa kuisha! Nilimfuata Bwana Yusuf chumba cha ndani nikamwambia kwamba mama huyu anatupeleka pabaya, tumpigie magoti asaini na masharti kidogo, kuliko kukosa vyote. Alikuwa anapangusa miwani.

"Esta," akasema, "hayo mafuta yamekaa chini tangu kabla ya babu yangu kuzaliwa. Hayatahama Ijumaa."

Kumpata Marta hakukuwa kugumu. Jina lake lilikuwa kwenye hati ya shamba, na mji wao mdogo ulikuwa na makanisa machache. Nilipiga simu kanisa la kwanza, la pili, na la tatu akapokea mama mmoja aliyemfahamu. Hakunipa namba, na nilimheshimu kwa hilo. Akaahidi kumfikishia ujumbe kwamba mke wa Petro anaomba kukaa naye Jumamosi, kwa simu ya picha. Kesho yake likaja jibu fupi: "Niko tayari."

Sasa ngojeni niwaeleze kikao chenyewe, maana mpaka leo nikikikumbuka natabasamu peke yangu.

Nilidhani tutaketi watatu, simu ipigwe, mambo yaishe. Nilipofika dukani Jules Street mchana ule nilikuta cherehani zimesukumwa ukutani, meza ya kukatia vitambaa imetandikwa kitambaa cheupe, na harufu ya samaki, sombe ya majani ya muhogo na bugali imejaa mpaka barabarani. Mama Furaha alikuwa amevaa kitenge cha matanga ya mumewe, kwa sababu, alisema, hicho ndicho wifi hakukiona. Kwenye kiti cha heshima alikuwa Mzee Balthazar, mzee wa kanisa lao, mtu wa Bukavu aliyemjua Petro. Kikao cha ukoo lazima kiwe na mtu anayesimama upande wa marehemu. Mzee Balthazar alikuwa na miaka mingi na usingizi mwingi, akawa anasimama upande wa marehemu macho yamefumba.

Mbele ya mahali simu ilipoegemezwa, Mama Furaha aliweka sahani iliyojaa chakula, akaifunika kwa sahani nyingine. Ninyi mliozaliwa hapa pengine mnaona mama zenu wakifanya hivyo bila kujua maana yake. Mgeni akichelewa, chakula kinaliwa, kesho atakaribishwa tena. Mtu wa nyumbani akichelewa, anawekewa. Hata akirudi siku ya pili, chake kipo, kimefunikwa.

"Kile ni cha nani?" nikauliza.

"Cha wifi."

"Mama Furaha, wifi yuko Texas."

"Najua. Njo maana nimefunika."

Simu ikaita. Akatokea mwanamke mzee mweupe, nywele fupi za mvi, nyuma yake jiko lenye mwanga wa asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri Kiingereza, nikidhani Kiswahili cha utotoni kimeshamtoka. Nikakohoa, nikafungua mdomo.

"Jambo, wifi," akasema yule mama. "Habari ya siku mingi?"

Nikafunga mdomo. Kilikuwa Kiswahili cha Bukavu kabisa, kimekwaruzwa kidogo na miaka, lakini ni kile kile cha Mzee Balthazar, ambaye alifumbua macho kana kwamba ameitwa na mama yake. Wakasalimiana. Enyi vijana mnaotuma "sharp" na kidole gumba mkadhani mmesalimia, mngeona! Habari ya nyumba, habari ya afya, habari ya kazi, habari ya baridi, habari ya mvua, habari ya mbuzi wa Marta mmoja mmoja. Mimi natazama saa, ofa imeshakufa tangu jana, na hawa wanaulizana habari za mbuzi.

Kisha Marta akasogea karibu na simu.

"Ile sahani ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako," Mama Furaha akajibu. "Kama umechelewa, si kosa."

Marta akaweka mkono mdomoni. Alilia, nasi wote tukalia, na Mzee Balthazar akalia kwa sauti kutushinda. Hapo ndipo yalipotoka ya miaka. Petro alipofariki, Marta alikuwa hospitali, amevunjika nyonga. Alituma salamu za pole kila siku kwenye simu ya Petro, kwa sababu ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo. Simu hiyo Mama Furaha aliizima akaifungia sandukuni, maana hakuweza kuisikia ikilia. Kila mmoja alikaa upande wake wa dunia akiamini mwenzake amefunga mlango.

"Sasa wifi," Mama Furaha akasema, akijipangusa kwa upindo wa kitenge, "niko na neno. Nasikia ulishauzisha mafuta. Mbona hukuniambia?"

Marta akainua uso.

"Mi?" akasema. "Sijauzisha kitu. Batu ba kampuni balinambia wewe njo uliuzisha. Balisema mashine zinakuja mwezi ujao, nikitaka nisitake, basi afadhali nisaini na mi nihame. Nilianza kufunga vitu. Angalia."

Akaigeuza simu. Tukaona maboksi yamepangwa ukutani mpaka dirishani.

"Nilianzia chumba ya Petro," akasema.

Nilisikia hasira ikinipanda mpaka masikioni. Kumbe yule kijana na wenzake walikuwa wamewapaka wote wawili mafuta kwa mgongo wa chupa! Huku wanasema wa kule ameuza, kule wanasema wa huku ameuza, na kila mmoja anaachwa aamini kwamba amebaki peke yake. Hila yao ilitegemea jambo moja tu, kwamba wanawake hawa wawili wasizungumze. Na mimi, Esta, kwa kutazama saa yangu, nilikuwa karibu kuwasaidia.

Mama Furaha hakupaza sauti. Alisogeza kiti mpaka uso wake ukajaa simu yote.

"Wifi, fungua yale maboksi. Leo. Hakuna mashine itapita mbele ya mulango yako kama mi niko hai."

Jumatatu Craig alipiga simu kama nilivyofundishwa kwamba atapiga. Ofa iliyokufa Ijumaa ilikuwa imefufuka, tena imenona. Nilimpa salamu za wifi wote wawili. Akasema lazima kulikuwa na kutoelewana mahali fulani. Nikamwambia eish, kijana wangu, kutoelewana kwenyewe kulipangwa vizuri sana, nikaweka simu chini. Sikumsikia tena.

Mnaweza kudhani hadithi iliishia kwa kukataa kuuza. La. Nusu ya Marta na nusu ya Mama Furaha zilikuwa na thamani, Marta alihitaji kutunzwa uzeeni, na Mama Furaha alitaka kununua jengo la duka lake. Kuuza si dhambi. Ila sasa waliuza wakiwa wawili, na hapo ndipo nilipomwona Bwana Yusuf akifanya kazi nzuri kuliko zote nilizomwona akifanya. Aliziweka haki zao mbele ya wanunuzi wengi kwa pamoja, waonane macho. Walipoanza kupandiana bei, akawawekea sharti: hakuna gurudumu wala mtambo utakaokanyaga juu ya shamba lile. Wachimbe kutoka ardhi ya jirani, bomba lipinde chini kwa chini. Wengine waliondoka. Bwana Yusuf akawaaga kwa adabu, akaagiza biskuti zaidi. Mmoja akabaki, akakubali. Wakamwuzia sehemu tu ya haki zao, nyingine wakabaki nayo, kwa sababu hakuna sheria inayosema ukiuza lazima uuze chote. Na hati haikutoka mkononi mwa wakili mpaka benki ilipothibitisha kwamba malipo yameingia. Hilo la mwisho liandikeni ukutani. Kuna wanaotaka uwape hati leo wakulipe baadaye, na huo muda wa katikati wanautumia kutafuta wa kumwuzia mali yako kabla hawajakulipa.

Mwaka uliofuata Bwana Yusuf alistaafu, nami sikukaa sana baada yake. Alipokuwa anafunga koti lake kwa mara ya mwisho pale ofisini nilimwuliza alilitoa wapi lile swali lake. Akasema hakulitoa popote, alichoka tu kuwaona watu wakirudi na hela mkononi wakiwa wanalia. Nimefanya kazi na mawakili wengi wenye sauti kubwa. Sijamwona mwingine aliyejua kunyamaza na kumsubiri mteja namna ile, na kama kuna kijana kati yenu anayesomea sheria, ningefurahi akianzia hapo.

Lakini nilitaka kuwamalizia ya Mama Furaha. Wiki chache baada ya malipo kuingia, nilisikia mtu akihema kwenye ngazi zetu. Aliingia bila kubisha, simu mkononi, akanisukumia usoni bila hata kulitazama gauni langu. Ilikuwa picha aliyotumiwa na Marta. Niliona jiko lile lile lenye mwanga wa asubuhi, maboksi hayapo tena, na mezani sahani mbili. Moja ilikuwa imeshaliwa. Nyingine ilikuwa imefunikwa.

Nikamwuliza tarehe ya safari yake. Akasema visa bado, nauli bado, labda mwakani. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na bado anahema.

"Haizuru," akaniambia. "Angalia tu, Mama Esta. Nimewekewa chakula."